Uzi, futi na bilauri ya maji: namna ya kunywa maji ili mwili upungue

Mimi ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa 27 nashonea barazani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, na kila mteja ana ukurasa wake katika daftari langu la vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kwa hiyo habari za miili ya watu sisimuliwi, nazisoma. Binti niliyemshonea gauni la mahafali ya kidato cha nne kwa kiuno cha inchi 26 anarudi baada ya watoto wawili akiwa na inchi 35, na sote wawili tunanyamaza kidogo kabla sijaandika.

Siku hizi, mteja akiwa amenyoosha mikono nami nazungusha futi, swali linalonijia mara nyingi ni hili: "Mama, eti ni kweli maji mengi yanapunguza mwili?"

Nitajibu kwanza, kisha nieleze namna. Maji hayayeyushi mafuta. Hakuna maji ya moto, ya baridi, ya ndimu wala ya tangawizi yanayoingia tumboni yakaenda kutafuta kitambi na kukitoa. Lakini maji yanasaidia, na yanasaidia sana, kwa njia mbili: yakikaa mahali palipokuwa na kinywaji cha sukari, na yakitangulia chakula. Nje ya hapo, kunywa ndoo nzima hakutakusogeza hata inchi. Nasema hivi kwa sababu nilijaribu.

Nilivyoanza vibaya

Mwaka 2023 tulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nilitoa gauni langu la sare nililolivaa miaka minne nyuma ili nilitanue. Nilipogeuza mshono nikakuta akiba ya kitambaa ya kutanulia imekwisha. Nilikwisha itumia mara mbili bila kujiuliza. Nikajipima. Inchi 41. Mimi ninayewapima wengine kila siku nilikuwa sijajipima tangu 2019, kwa sababu kila siku navaa dira, lile gauni pana, na dira halikwambii kitu. Linameza mwili wote, na wewe unajiona uko vile vile.

Mteja mmoja akaniambia ninywe lita 5 za maji kwa siku, mwezi mmoja tu, nitaona. Nikanunua chupa ya lita 5, nikaiweka kando ya cherehani. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo lita 2 nilizimaliza kabla ya saa 4 asubuhi. Siku ya nne kichwa kilikuwa kinagonga, nasikia kichefuchefu, na usiku nimeamka mara tano kwenda chooni. Nikaenda zahanati.

Nesi alikuwa msichana mdogo, rika la mwanangu wa mwisho. Baada ya shikamoo na vipimo vya presha na sukari, akaniuliza, "Mama, haya maji unayanywa pamoja na nini?"

"Pamoja na nini vipi, mwanangu?"

"Yaani chai umeacha? Soda umeacha? Au maji umeyaongeza tu juu yake?"

Nilikuwa sijaacha hata kimoja. Chai yangu ilikuwa ile ile, soda yangu ya mchana ile ile. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali la kuuliza si maji kiasi gani. Swali ni maji badala ya nini.

Akanieleza pia hatari ya ile pupa yangu. Figo za mtu mzima mwenye afya zinaweza kutoa takriban lita 1 kwa saa, si zaidi. Ukimimina kuliko hapo, maji yanazidi kwenye damu na chumvi inazimuliwa, na chumvi ikishuka sana ubongo unaanza kuvimba. Baadaye nilisoma kwamba katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 wakakuta asilimia 13 yao chumvi imeshuka chini ya kiwango, na jambo lililojitokeza zaidi ni kwamba walikunywa mno njiani. Hao ni watu wa mazoezi. Sembuse mimi niliyekaa kwenye kiti.

Kabla ya kunywa, andika

Nilichofanya safari ya pili, na ndicho ninachomshauri kila mtu aanze nacho, ni kuandika kwa siku tatu kila kinachopita kooni kwa njia ya kikombe, bilauri au chupa. Usibadili chochote siku hizo. Andika tu, na pembeni andika sukari.

Daftari langu lilisema hivi. Chai ya asubuhi, vijiko 4. Chai ya saa 4 pamoja na vitumbua, vijiko 4. Soda moja mchana, kwa sababu joto la hapa barazani likifika saa 7 unaona soda ni dawa. Chai ya magharibi, vijiko 4. Ndiyo siku yangu, siku zote.

Sasa hesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4 za sukari, na changu hakikusawazishwa, kilikuwa na mlima. Tuseme ni gramu 4 tu: vijiko 12 ni gramu 48. Soda za kola zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina kama gramu 37, vijiko 9 hivi. Jumla gramu 85 kwa siku. Kila gramu ya sukari ni kalori 4, kwa hiyo nilikuwa nakunywa kalori 340 kila siku na kuzihesabu kuwa kiu.

Namba hiyo haikunishtua mpaka nilipoizidisha kwa mwezi. Gramu 85 mara siku 30 ni gramu 2,550. Kilo mbili na nusu. Nilikwenda dukani nikanunua kilo mbili na nusu za sukari, nikaziweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikakaa nazitazama. Hizo nilikuwa nazinywa peke yangu, kila mwezi, kwa miaka. Fanya hivyo na wewe kama una mashaka. Huhitaji kununua, muombe muuza duka akuonyeshe paketi.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6. Mimi chai ya asubuhi na ya saa 4 tu zilikuwa zimeshavuka hapo.

Na kuna jambo moja kuhusu sukari ya kunywa ambalo watu hawalitilii maanani. Ukila viazi vya kalori 340, tumbo linajua umekula, na mlo unaofuata utakula kidogo. Ukizinywa kalori hizo hizo, tumbo halizitambui sawasawa. Chakula chako cha mchana kinabaki na ukubwa ule ule. Ndiyo maana kuondoa kinywaji ni rahisi kuliko kuondoa chakula: njaa haiongezeki.

Jipime kwa uzi

Mzani ni mzuri lakini unadanganya wanaoupanda kila saa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukinywa nusu lita ukapanda mzani, umeongezeka nusu kilo, na haina maana yoyote. Ukitoka jasho siku nzima ukapungua kilo, hiyo nayo si mafuta. Kama una mzani, panda mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka chooni na hujala, mzani ule ule.

Mimi natumia kazi yangu. Kwanza elewa kwamba kiuno cha fundi na kiuno cha daktari si kimoja. Sisi mafundi tunapima pale nguo itakapokaa, na wengine wanavaa juu, wengine chini. Kwa afya, tafuta ubavu wako wa mwisho kwa kidole, tafuta na mfupa wa nyonga, kisha pitisha futi katikati ya hapo. Pumua kawaida, toa pumzi, soma. Usivute tumbo ndani. Karibu kila mteja wangu huvuta tumbo, na matokeo yake ni gauni linalobana. Kwenye kipimo hiki matokeo yake ni kujificha wewe mwenyewe. Kwa wanawake, ukivuka sentimita 80, inchi 31 na nusu, hatari ya presha na kisukari imeanza kupanda, na ukivuka 88 imepanda sana. Kwa wanaume mipaka ni 94 na 102.

Kama huna futi, chukua uzi. Simama na visigino ukutani, mtu akukatie uzi wenye urefu wako kutoka utosini hadi chini. Ukunje katikati. Sasa uzungushe tumboni pale nilipoeleza. Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo tunapotaka kuwa. Zisipokutana, pima pengo lililobaki. Mimi nina futi 5 na inchi 3, kwa hiyo uzi wangu uliokunjwa ni inchi 31 na nusu. Pengo langu la kwanza lilikuwa inchi 9 na nusu. Niliufunga uzi ule kwenye mguu wa cherehani, upo hadi leo.

Kushusha sukari bila kuteseka

Usiache kwa siku moja. Niliona wifi yangu akijaribu, siku ya pili alikuwa mkali kwa kila mtu na ya tatu akarudia vijiko 5. Ulimi umezoezwa, na lazima uzoezwe upya polepole.

Soda niliiondoa kwanza, kwa sababu ni moja na inajulikana ilipo. Badala yake nilianza kuweka jagi la maji kwenye friji usiku, na ikifika saa 7 nakunywa maji baridi bilauri mbili. Wiki ya kwanza nilijikuta naitamani. Wiki ya tatu niliionja harusini nikaona ni tamu kupita kiasi, kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Chai nilishusha nusu kijiko kila wiki, katika kila kikombe. Nusu kijiko mtu hakisikii. Wiki ya nane ungekuwa umefika sifuri, lakini nitakuwa mkweli: ile ya asubuhi imebaki na kijiko kimoja, na sina mpango wa kukiondoa. Hizo mbili nyingine ni za rangi bila sukari, natia iliki, mdalasini au mchaichai. Chai ya namna hiyo ni maji. Msisikilize wanaosema chai haihesabiwi kwa kuwa inakojosha. Kwa mtu aliyeizoea, sehemu kubwa ya maji yake inabaki mwilini.

Maji ya huku pwani yana shida yake. Ya visima vingi yana chumvi, na mtu asiyependa ladha ya maji hatayanywa hata umhubirie. Bibi yangu alikuwa na mtungi aliokuwa anaufukiza ubani kabla ya kuujaza, na tulikuwa tunagombania kata. Mtungi wa udongo unapoza maji wenyewe, kwa kuwa unatoa jasho, na upepo unaochukua jasho hilo unachukua na joto. Mimi nina mtungi mdogo kibarazani, na wateja wanauombea maji kuliko wanavyoniombea kiti. Muhimu ni kwamba maji yachemshwe kwanza: yatokote hasa, si kutoa mvuke tu, yakae yanatokota angalau dakika moja, ndipo yapoe na kuingia mtunguni. Au tumia dawa ya kutibu maji kama paketi inavyoelekeza. Kipindupindu kinapunguza mwili pia, lakini kinaua.

Dafu ni zuri, lina sukari kidogo, lisigeuzwe kuwa maji ya kila saa. Juisi ya embe au ya miwa ni sukari. Machungwa ya Muheza yakiingia msimu, kula yale machungwa yenyewe, nyama na maji yake, acha kuyakamua.

Kuhusu soda za ukarimu. Sisi hatuwezi kumkatalia mtu kinywaji ukatoka nyumbani kwake na amani. Kwa hiyo sikatai kinywaji, nachagua: "Mwanangu, nipe maji ya baridi, ndiyo kiu yangu." Nasema mapema kabla hajamtuma mtoto dukani. Akishainunua na kuifungua, kunywa kidogo umheshimu. Moja kwa mwezi haijamnenepesha mtu.

Bilauri mbili kabla ya sahani

Hii ndiyo njia ya pili, na ina ushahidi wake. Katika jimbo la Virginia, Marekani, watafiti waliwachukua watu 48 wa umri wa miaka 55 hadi 75, wote wakapunguziwa chakula kwa wiki 12. Nusu yao waliongezewa sharti moja: kunywa mililita 500 za maji kabla ya kila mlo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2010, na waliokunywa maji walipungua kama kilo 2 zaidi ya wenzao. Mwaka 2015 ukatoka mwingine wa Birmingham, Uingereza, kwa watu 84 wanene: mililita 500 nusu saa kabla ya milo mikubwa, wiki 12, tofauti ikawa kilo 1.3.

Tazameni namba hizo vizuri. Si kilo 10. Si kilo 15 kama mnavyotumiana kwenye simu. Ni kilo 1 na kitu hadi 2 kwa miezi mitatu, na wale wa Virginia walikuwa wamepunguza chakula tayari. Lakini kwa kitu ambacho hakina gharama wala dawa ndani yake, mimi kilo 2 nazitaka.

Tatizo si kunywa, tatizo ni kukumbuka. Nusu saa kabla ya chakula nani anatazama saa, na mkono uko kwenye pindo? Mimi nimeifunga kwenye adhana. Adhuhuri ikiadhiniwa, naacha cherehani, nakunywa bilauri mbili taratibu, nasali, na nikirudi ndipo chakula kinapakuliwa. Nusu saa imepita yenyewe. Jioni magharibi ni maji, chakula ni baada ya isha. Jirani yangu Mkristo yeye ameifunga kwenye redio: taarifa ya habari ya saa 7 ikianza, anakunywa; ikiisha na matangazo yake, anakula. Tafuta kitu ambacho tayari kinatokea kila siku, ukifunge hapo.

Bilauri zinatofautiana. Chukua chupa tupu ya nusu lita, ijaze, imimine kwenye bilauri zako ujue ni ngapi. Zangu ni mbili kamili.

Kwa nini yanasaidia? Yanatandaza tumbo, na tumbo likitandazwa linatuma habari kwamba limeanza kujaa. Lakini maji matupu hayakai, yanapita upesi, hasa kwa vijana. Kwa sisi wa miaka 50 kwenda juu yanakawia kidogo, na huenda ndiyo sababu utafiti wa wazee ulionyesha zaidi. Maji yanayokaa ni yale yaliyopikwa ndani ya chakula. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania waliwapa wanawake chakula kile kile kwa namna tatu: kikavu, kikavu na bilauri ya maji pembeni, na kilichoongezwa maji kikawa supu. Waliokunywa supu walikula kidogo mlo uliofuata. Wale wa bilauri pembeni hawakupunguza.

Niliposoma hilo nilifurahi, kwa sababu huku kwetu si jambo geni. Bakuli la mchuzi wa samaki mwepesi wenye ndimu na bamia, au supu ya mchicha na nyanya chungu, kabla ya ugali, limekuwepo tangu zamani. Sisemi supu ya makongoro yenye mafuta yanayoelea, hiyo ni hesabu nyingine. Sasa usiku naanza na bakuli, nakaa nalo, ndipo sahani. Na sahani yenyewe imekuwa ndogo bila mtu kuniamuru.

Ya kuachana nayo

Maji ya ndimu na asali asubuhi hayakati mafuta. Ndimu haina kosa, itie kama unapenda ladha, ila kijiko kikubwa cha asali ni kalori 60 na kitu, yaani unarudisha sukari uliyoitoa mlangoni kwa kuipitishia dirishani.

Maji ya barafu nayo wanasema mwili unachoma mafuta ili kuyapasha. Ni kweli unayapasha. Nusu lita iliyotoka kwenye barafu, kuifikisha joto la mwili, ni kalori chini ya 20, karibu sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kunywa baridi kwa sababu kuna joto, si kwa hesabu hiyo.

Na zile bilauri 8 za lazima? Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu anahitaji kama lita 2 na nusu kwa siku, na sentensi nyingine hapo hapo ikasema sehemu kubwa ya maji hayo imo katika chakula. Watu wakaishika ya kwanza wakaiacha ya pili. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilisema lita 2 kwa mwanamke na 2 na nusu kwa mwanamume, na humo imo chai, mchuzi, matunda, kila kitu. Kwa joto la Tanga na kazi ya jua utahitaji zaidi. Usihesabu bilauri, tazama mkojo: rangi ya majani makavu iliyofifia, uko sawa. Ukikoza kama chai ya rangi, kunywa. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba kutwa nzima, umezidisha.

Mwezi wa Ramadhani

Watu hudhani kufunga kutawapunguza, wakimaliza mwezi wameongezeka, na mimi nawaona wanapokuja kuchukua nguo za Idi na zinakataa. Chanzo ni futari ya vimiminika: uji wa pilipili manga wenye sukari, juisi, tambi tamu, kaimati zilizochovywa shira, vyote ndani ya nusu saa.

Mimi nafungua kwa tende tatu na bilauri mbili za maji. Nakwenda kusali. Nikirudi naanza na mchuzi, uji nakunywa kikombe kimoja. Kuanzia hapo hadi kulala naenda na bilauri moja moja, kila baada ya muda. Usisubiri daku umimine lita 2 kwa mkupuo. Saa 2 asubuhi yote yameshatoka na kiu iko pale pale.

Miezi mingine, acha kunywa mengi saa 2 kabla ya kulala. Usingizi uliokatika katika huamsha tamaa ya vitamu kesho yake.

Wasiopaswa kufuata haya bila daktari

Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo ana kipimo chake cha maji alichopewa, na bilauri ya ziada inaweza kumjaza miguu na mapafu. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge, akikata sukari ghafla dozi ikabaki ile ile, anaweza kuanguka. Azungumze kwanza kliniki. Mjamzito asifikirie kupungua sasa. Anayenyonyesha anywe kwa kiu yake, na asijinyime chakula.

Na hili naliweka kwa sababu limenitokea. Nilikuwa na mteja niliyempunguzia magauni mara tatu ndani ya miezi minne. Kiuno kilishuka inchi 5, kila mtu anamsifu, na yeye mwenyewe alikuwa anasema ni maji, kweli kila akija ana chupa mkononi na haimtoshi. Chakula anakula vizuri. Mara ya tatu niliacha futi nikamwambia, "Dada yangu, kesho nenda ukapime sukari, nguo nitakushonea ukirudi." Alikuwa na kisukari kilichopanda sana. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi na mwili unaopukutika bila wewe kubadili kitu, hayo si mafanikio ya maji. Nenda ukapimwe.

Kilichotokea kwangu

Miezi mitatu ya kwanza sikubadili kingine ila vinywaji na zile bilauri mbili. Nilitoka kilo 86 nikafika 83, na kiuno kikatoka inchi 41 hadi 39 na nusu. Nguo zilianza kukaa vizuri begani kabla sijaona lolote tumboni.

Halafu ikasimama. Miezi miwili mizima, daftari lile lile, namba ile ile. Hapa ndipo watu wengi huongeza maji, wakafika lita 4, wakidhani dawa imepungua nguvu. Maji yalikuwa yamemaliza kazi yake: sukari yote iliyokuwepo ya kuondoa ilikwisha ondoka. Kilichobaki kilikuwa kwenye sahani na miguuni. Vitumbua vya saa 4 nikavishusha kutoka vinne hadi viwili, bonge la ugali nikalipunguza nikaongeza mboga, na siku tatu kwa wiki baada ya alasiri natembea hadi Raskazone, nakaa kidogo natazama bahari, narudi kwa miguu. Mwezi wa kumi na moja tangu nianze nilikuwa kilo 79.

Ijumaa iliyopita nilifungua ule uzi kwenye mguu wa cherehani, nikaukunja, nikauzungusha. Kiuno ni inchi 37. Ncha bado hazijakutana, zimebakisha inchi 5 na nusu. Gauni la harusi nililikata upya, safari hii kwa kupunguza, na ndani nikaliachia akiba ya nusu inchi tu kila upande. Kisha nikaufunga uzi mahali pake, kwa sababu adhana ilikuwa imeanza na jagi liko kwenye friji.